Swali la Thelathini na Moja

Mimi nauza gambuti. Nauza pia aproni za plastiki za wachumaji chai, vikapu na makoti ya mvua, hapa Kapkatet, duka lenye mlango wa buluu. Mtu angeniambia kwamba siku moja nitaketi kwenye jopo la kuwahoji waandishi wa programu za kompyuta, ningemuuzia gambuti mbili za mguu wa kushoto aende nazo. Lakini niliketi, nikaletewa chai, nikauliza maswali ya Java kwa sauti ya mtu anayejua. Nitaeleza ilivyokuwa, ila itabidi nianze na jirani yangu, kwa sababu kosa lilianzia kwake na yeye ndiye aliyelimaliza.

Jirani yangu ni Nyaguthii. Mimi humwita Mama Mwihaki, yeye huniita Baba Fancy, na kati ya duka lake na langu kuna ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi. Alikuja huku na marehemu mumewe miaka ya tisini, kutoka upande wa Nyeri, na taipureta moja. Mwaka ule mbaya wa uchaguzi alifunga duka miezi minne. Taipureta ilikaa kwangu chini ya rundo la gambuti, na vijana wa fujo waliponiuliza nilisema ni cherehani mbovu. Aliporudi aliichukua, akasema asante, kisha akanidai kifuniko chake, ambacho mpaka leo ananidai.

Siku hizi ana kompyuta tatu, printa mbili na mashine ya fotokopi inayolia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa. Wengi huja kutoa nakala za vitambulisho. Lakini jina lake, kuanzia hapa mpaka Merigi, na hata Soin huko chini kwenye joto, halikujengwa na vitambulisho. Lilijengwa na kijitabu.

Kijitabu chenyewe kina jalada la njano na kinaitwa Maswali Sitini ya Kompyuta na Majibu Yake. Vijana wanakiita "ile ya njano". Kilianza hivi: wanafunzi wa vyuo walikuwa wakija kwake kuchapisha barua za kuomba kazi, na wakitoka intavyu wanarudi wakilalamika kwamba wameulizwa hiki na kile. Nyaguthii akaweka sheria. Ukimletea swali uliloulizwa, pamoja na jibu lake, unapata chai na mandazi mawili. Njaa ya wanafunzi unaijua. Baada ya miaka michache alikuwa na maswali ya C, Java, Python, JavaScript na PHP, yote yamechapwa vizuri, yote yamejibiwa, na yeye mwenyewe hajawahi kuandika programu hata ya mistari miwili.

Lakini muulize. Mimi nilikuwa nikimuuliza wakati biashara imelala, kujifurahisha tu.

"Mama Mwihaki, vitu vikiwa kwenye orodha, hesabu inaanza na ngapi?"

"Sifuri. Wa kwanza ni sifuri, wa pili ni moja. Usiniulize kwa nini, hivyo ndivyo waliamua."

"Na hizi alama za sawasawa, mara moja, mara mbili, mara tatu?"

"Moja ni kupea mtu kitu. Mbili ni kuuliza kama hawa wawili wanafanana. Tatu, hiyo ya JavaScript, ni kuuliza na umeshika vitambulisho vyao."

"Na null?"

"Sifuri ni kikapu haina majani. Null ni hakuna kikapu."

Nimewahi kumsikia mhadhiri mmoja akieleza hilo la null kwa nusu saa, akiwa amekuja kutoa fotokopi, na mwanafunzi aliyekuwa naye akatoka pale akiwa mjinga zaidi. Mama huyu angeweza kufundisha. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo ni namba saba.

Haandiki saba. Hataji saba. Ile ya njano haina swali la saba, la kumi na saba wala la ishirini na saba, na ukiyahesabu maswali yake sitini utapata hamsini na manne. Haina ukurasa wa saba pia. Wateja hurudi wakisema kuna karatasi imeng'oka, naye huwaambia wasome hizo walizo nazo kwanza. Saa saba mchana kwake ni "saa baada ya sita". Miaka yote alitumia laini ya simu ya mumewe, maana namba zote zilianza na sifuri saba, na siku namba zinazoanza na sifuri moja zilipotoka, yeye alikuwa dukani kwa wakala kabla kufuli halijafunguliwa. Kazi za wateja anazichapa zilivyo, hata ziwe na saba ishirini, kwa sababu, anasema, namba za watu ni za watu. Ila kilicho chake hakiguswi na hiyo namba. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao, na ukimuuliza anakukata vizuri kabisa.

"Mimi nimeokoka, Baba Fancy. Siamini hayo mambo ya wazee. Siandiki tu."

Nilimtania kwa miaka mingi. Nilikuwa nikimwambia nina gambuti za saizi saba, nimpe? Kisha siku moja marehemu mumewe akanivuta kando. Mama yake Nyaguthii alizaa watoto sita salama. Aliyefuata aliondoka naye siku ya kuzaliwa. Nyaguthii alikuwa na miaka minane, akalelewa na cucu, nyanya yake, na cucu hakutaka hiyo namba itajwe tena katika ile nyumba. Niliposikia hayo niliona haya, na gambuti za saizi ile nikazihamishia rafu ya nyuma.

Sasa, swali la thelathini na moja. Kijana aliyelileta, zamani hizo, alilileta likiwa zima: ukigawanya 7 kwa 2 katika C, Java, Python, JavaScript na PHP, utapata nini katika kila lugha? Nimeelezwa mara tatu na sasa nimeelewa. Kuna lugha ambazo ukizipa namba mbili nzima zinakurudishia namba nzima, basi. Saba kwa mbili ni tatu, na nusu inatupwa. Nyingine zinakupa tatu na nusu. Kwa hiyo swali zima linahusu ile nusu. Nyaguthii alipofika kwenye saba, akiwa anachapa, vidole vyake vikaweka nane. Na kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akarekebisha na jibu lilingane. Jibu: nne, lugha zote, hakuna tofauti.

Likachapwa hivyo kwa miaka kumi na mitano. Likawa swali linalopendwa kuliko yote, maana jibu lake ni fupi na linabaki kichwani hata kama hukulala vizuri.

Miaka mitatu iliyopita kiwanda chetu cha chai, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado ninakipelekea majani, kilileta mizani za kisasa kwenye vituo vyote vya kupimia majani. Kijana aliyepewa kazi ya kuandika programu yake aliitwa Kipkemoi. Kijana mwenye adabu sana. Aliijua ile ya njano kutoka jalada hadi jalada, na kwenye intavyu hakukosa hata swali moja. Mizani hizo zinahesabu kwa nusu kilo. Ukiweka kilo saba na nusu, mizani inatuma kumi na tano, na programu inagawanya kwa mbili ili ipate kilo. Kipkemoi aliiandika kwa Java. Aliijaribu na kumi na sita, ikampa nane, akafurahi, akaenda kula. Kumi na tano gawanya kwa mbili, Java ikasema saba. Hivyo nusu kilo ya kila mtu ambaye majani yake hayakuangukia kilo kamili ikaanza kupotea, vituo vyote, kila siku ya Mungu.

Mimi kikapu changu nakijua kwa bega. Nikifika kituoni bega linasema saba na nusu, karatasi inasema saba. Kwanza nilimshuku Makori, karani wa kituo chetu. Watu wengi walimshuku, mpaka siku moja akavuliwa koti na akina mama, naye akaomba uhamisho. Makori hakuwa amechukua hata jani. Kisha nikamshuku meneja, kisha mwakilishi wetu wa wadi, ambaye ni rahisi kumshuku kwa lolote, kisha kwa wiki moja nikalishuku bega langu. Ilipokuja kujulikana kwamba tatizo liko ndani ya programu, Kipkemoi alikuwa ameshapata kazi kubwa zaidi kwingine, na barua ya sifa kutoka kiwandani.

Mkutano mkuu wa wakulima ulichemka. Tulisema kiwanda kiajiri mtu mwingine wa kurekebisha, na safari hii mkulima akae kwenye jopo. Wakanichagua mimi. Sababu waliyotoa ni kwamba mwenye duka ana nafasi.

Miongoni mwa walioomba kazi hiyo alikuwa Mwihaki, binti pekee wa Nyaguthii. Ana diploma, ana miaka ishirini na minne, na tofauti na mama yake, yeye programu anaziandika kweli. Mimi alinitengenezea moja ya simu inayoniambia saizi gani ya gambuti inakaribia kwisha, na haijanidanganya bado. Lakini alikuwa ameenda intavyu tatu, mahali patatu tofauti, na akakosa zote. Miaka miwili alikuwa anasimama kwenye fotokopi akigeuza vitambulisho vya watu. Mimi niliamini ana mdomo mrefu mbele ya wakubwa. Mama yake aliamini hasomi kijitabu.

Wiki mbili kabla ya intavyu, Ogola, afisa wa wafanyakazi kiwandani, aliingia kwa Nyaguthii. Nilimsikia kupitia ukutani akinunua ile ya njano.

"Nipe yenye majibu, mama," alisema. "Hata sisi tunataka kujua."

Hakuwa amefika barabarani wakati Nyaguthii alipomwita binti yake. Sikuwa ninasikiliza. Nilikuwa tu nimezima redio.

"Mwihaki, wamenunua kitabu changu. Maswali ni yale yale. Soma, uende useme vile kimesema."

"Siwezi, Mum."

"Kwa nini huwezi na wengine wanaweza?"

"Thelathini na moja imekosewa."

"Hakuna mtu amewahi kulalamika."

"Atalalamika aje na jibu ni fupi hivyo? Mum, intavyu zote tatu wameniuliza hiyo. Zote tatu nimewaambia hili swali limeharibika, halafu nikawaonyesha vile linafaa kuwa. Wanaangalia karatasi yao, wananiwekea ekisi. Wananiona mtoto mjuaji. Na hiyo karatasi yao ni yako."

Fotokopi ilinyamaza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Uandike saba? Wewe huwezi kuandika saba hata kwa sababu yangu."

Pale ningekuwa Nyaguthii ningenyamaza. Yeye hakunyamaza.

"Basi sema nne. Ni neno moja tu, Mwihaki. Watu wamelisema na wamepata kazi."

"Eeh. Na Kipkemoi alilisema. Ndiyo maana majani ya Baba Fancy yanapotea kila siku."

Kikombe changu kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Miaka mitatu nimewashuku watu wanne, mmoja wao mimi mwenyewe, na kumbe nusu kilo yangu ilikuwa imepotelea hapa, nyuma ya ubao ambao ninatundikia makoti. Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika mpaka nikakumbuka taipureta na jinsi nilivyosema uongo kwa ajili yake. Nilitoka nikaenda mpaka mlangoni kwake nikiwa na maneno yangu yote tayari. Mwihaki alikuwa ameshaondoka. Nyaguthii alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, anaitazama kibodi kama mtu anayesubiri ianze kuongea.

"Umekuja kutoa nakala, Baba Fancy?"

Nikasema ndiyo, nikampa kitambulisho. Nina nakala kumi na moja za kitambulisho changu nyumbani, na zote nilizitoa siku za namna hiyo.

Asubuhi ya intavyu nilikuwa ninafunga duka, nimevaa koti la mazishi kwa kuwa ndilo nililo nalo, Nyaguthii akaja na bahasha.

"Mpee Ogola. Mwambie ukurasa wa kumi na tano una kosa la mchapaji, abandike huu."

Bahasha haikuwa imefungwa kwa gundi, na mimi si malaika. Ukurasa ulikuwa umechapwa upya wote. Kwenye swali la thelathini na moja mashine ilikuwa imeacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo, kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa mkono, palikuwa na 7. Ilikuwa imekandamizwa mpaka ikatoboa karatasi. Chini yake majibu: C na Java, tatu, Python, tatu na nusu, ingawa Python ya zamani ilisema tatu, JavaScript na PHP, tatu na nusu. Chini kabisa: Kosa ni langu. Nyaguthii.

"Mwihaki anajua?" niliuliza.

"Hajui. Na usimwambie, wewe ni jopo."

Mtu anaweza kusema tulipika intavyu. Mtihani ulikuwa wake tangu mwanzo, na mwenye mtihani akirekebisha mtihani wake sijui unamshtaki wapi. Na kuhusu mimi kuwa jirani yao, huku kwetu ukiondoa kwenye jopo kila mtu anayemjua mtu, vitabaki viti. Nilimpa Ogola. Aliubandika kwa gundi bila kuusoma, kwa sababu una sahihi, na kitu chenye sahihi kwa Ogola kimekamilika.

Tulikuwa watatu: Ogola, Madam Shirley ambaye ni meneja, na mimi. Walioitwa walikuwa kumi na wawili. Ogola aligawa maswali, akanipa la thelathini hadi la thelathini na tatu kwa kuwa, alisema, ni mafupi.

Wa kwanza aliitwa Nyagaka, kijana wa suti na tai iliyonyooka. Alijibu kila kitu kwa mpangilio, mpaka pumzi alizivuta mahali kitabu kinapoweka nukta. Zamu yangu ikafika.

"Ukigawanya saba kwa mbili..."

"Nne," alisema kabla sijamaliza. "Lugha zote. Hakuna tofauti."

Niliangalia karatasi. Nikarudia polepole, nikidhani ni ulimi wangu, maana sisi Wakipsigis tukisema Kiswahili kuna watu hudai hawasikii.

"Saba. Gawanya kwa mbili."

"Nne, mzee," akasema, kwa huruma.

Wa pili akasema nne. Wa tatu, msichana aliyesoma Eldoret na kurudi na cheti kikubwa, akasema nne na akatabasamu, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa akilingojea. Walikuwa wamekariri namba ya swali, si swali. Mtoto wa darasa la tatu angewashinda, lakini mtoto wa darasa la tatu hakuomba kazi. Alipofika wa nane, Madam Shirley alitoa simu yake kwenye mkoba, akafungua kikokotoo, akapiga saba gawanya kwa mbili chini ya meza. Nilimwona. Alitaka kujua ni nani kati yetu aliyechanganyikiwa.

Mwihaki aliingia saa saba mchana, ingawa mama yake angeitaja saa hiyo vingine. Alikuwa amevaa sweta ya kijani ya mama yake na alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kukosa kwa mara ya nne. Aliulizwa kwa nini Python inajali nafasi zilizo mwanzo wa mstari, akaeleza. Aliulizwa kwa nini PHP inaweka alama ya dola mbele ya majina, akaeleza. Kisha Ogola akanipungia mkono niendelee.

"Ukigawanya saba kwa mbili, katika C, Java, Python, JavaScript na PHP, utapata nini katika kila lugha?"

Alifungua mdomo. Niliona kabisa kwamba kulikuwa na neno limekaa pale tayari, sijui kama lilikuwa nne au lilikuwa ugomvi. Kisha akafunga.

"Umesema ngapi?"

"Saba."

"Hapo kwa karatasi imeandikwa saba?"

"Imeandikwa."

"Naomba kuiona."

Ogola alisema hatuonyeshi karatasi kwa waombaji, ni utaratibu. Madam Shirley, ambaye alikuwa amechoshwa na nne, akasema aonyeshwe. Nikaisukuma mezani. Mwihaki aliitazama kwa muda. Akaugeuza ukurasa, akapitisha kidole gumba upande wa nyuma, pale kalamu ilipotobolea. Kisha machozi yakaanza kumtoka, bila sauti yoyote, yakidondokea kwenye sweta ya mama yake. Mimi niliangalia dirishani.

"Kama hujui, tunaweza kuruka," Ogola alisema kwa upole.

"Najua," alisema Mwihaki.

Akajibu. Tatu hapa, tatu na nusu pale, kila lugha na sababu yake, huku akijipangusa na mkono wa sweta. Alipomaliza sikuweza kujizuia, nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi.

"Na hiyo nusu inaenda wapi?"

"Haiendi mahali, Baba Fancy. Hakuna mtu anaikula. Inatupwa tu, kwa sababu mwenye kuandika hakusema anaitaka."

"Na kuirudisha ni kazi ya miezi mingapi?" aliuliza Madam Shirley.

"Mahali pameandikwa gawanya kwa mbili, uandike gawanya kwa mbili nukta sifuri. Unaongeza nukta na sifuri, basi."

Madam Shirley aliweka kalamu chini. Miaka mitatu, karani mmoja amevuliwa koti, mikutano miwili imevunjika, na dawa ilikuwa nukta na sifuri. Hatukuwa na mengi ya kujadili baada ya hapo, ingawa Ogola alijadili kidogo ili fomu ijae.

Mwihaki alipata kazi. Nyagaka aliandika barua ya kupinga, akisema jibu lake ni sahihi kulingana na kitabu kinachotambulika, akaambatanisha nakala ya ukurasa wa kumi na tano. Nakala hiyo aliitoa kwa Nyaguthii, naye alimtolea, kwa sababu karatasi za watu ni za watu. Ogola mpaka leo hajaijibu.

Jumamosi ya kwanza baada ya mizani kurekebishwa nilipeleka majani, nikapewa karatasi, nikaikunja, nikaenda nayo moja kwa moja kwa jirani. Mwihaki alikuwepo, siku yake ya mapumziko, anamsaidia mama yake kubana toleo jipya la ile ya njano.

"Nisomee hapa, Mama Mwihaki. Nimesahau miwani."

Mimi sivai miwani. Aliichukua, akaitazama, akanitazama mimi.

"Sita na moja na nusu," alisema, akanirudishia.

Mwihaki alicheka mpaka akakaa chini.

"Mum, na si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika mara moja. Imetosha."

Nilichukua kijitabu kimoja kipya kutoka kwenye rundo nikakifungua. Bado hakuna ukurasa wa saba. Kwenye swali la thelathini na moja sasa kulikuwa na tisa, tisa gawanya kwa mbili, na majibu yote sawasawa, na nusu ipo. Nikampa Mwihaki aone. Alisoma, kicheko kikamwishia polepole.

"Tisa," alisema. "Mum, si ni kweli. Tisa ilikuwa hapo siku zote. Hata tano ingefanya. Namba yoyote yenye inabakisha nusu ingefanya, na Ogola hangejua tofauti. Ulijitesa na ile ya nini?"

Nyaguthii aligongesha karatasi mezani zikae sawa. Akazitia pini moja, akazitia ya pili.

"Unafikiri nimechapa hii kitu miaka kumi na mitano na sijui tano ingefanya?" alisema. "Najua tano. Lakini siku ile hukuniambia siwezi kuandika tano."